Mjomba Aliyejisalimia Mwenyewe

Bibi yangu alikuwa akisema kwamba kitinda mimba wake alizaliwa anacheka, mkunga akaingiwa na woga na kumrudisha haraka kwa mama yake. Sijui kama ni kweli. Ninachojua ni kwamba katika miaka ile ya sabini, nilipokuwa msichana mdogo, hakuna mtu mzima niliyempenda kama mjomba huyo. Sioni haya kusema kwamba nilimpenda kuliko hata baba yangu, ambaye alikuwa karani bomani Kasulu na alicheka siku za sikukuu tu.

Mjomba aliishi na bibi kule Kibondo na kazi yake ilikuwa asali. Alitundika mizinga porini, akarina mwenyewe, na madebe mawili yakijaa aliyafunga kwenye keria ya baiskeli akaja nayo Kasulu, safari ya siku mbili. Alilala kwetu, akauza madukani, kisha akarudi Kibondo na chumvi, sabuni na mafuta ya taa. Tulimjua kwa kengele. Alianza kuipiga tangu bondeni, kuku wakatawanyika, mama akaanza kulalamika kabla hajamwona, nasi watoto tukatoka mbio. Alituletea masega yaliyofungwa kwa majani ya mgomba, na kila mtoto alipewa lake pamoja na uongo wake: hili limetengenezwa na nyuki wenye kikohozi, hili ni la nyuki mvivu, ndiyo maana dogo. Aliweza kuendesha baiskeli akiwa ameketi kinyumenyume. Aliiga mwendo wa katibu kata, wa mwalimu wangu na wa bata, na yule bata ndiye aliyekuwa na heshima kuliko wote.

Lakini hakuna alichokiiga vizuri kama salamu. Kwetu Buha salamu si neno moja. Mtu mzima akikutana nawe njiani hutua mzigo wake, akakushika mikono karibu na viwiko, akakuambia “Mwakeye,” kisha akaanza: umeamkaje, watoto wameamkaje, wazee je, ng'ombe je, mihogo je, mvua imefika kwenu? Unatoka wapi, umepita wapi, u mtu wa ukoo gani, umemwona nani huko ulikopita? Unajibu kimoja kimoja, kisha zamu yako inafika ya kuuliza. Sisi watoto tuliona hiyo ni adhabu. Mjomba alikuwa akiigiza wazee wawili wanaosalimiana mpaka mvua inawanyeshea na ng'ombe wao wanapotea, nasi tukagaagaa chini, mbavu zinauma.

Tatizo lake lilikuwa moja. Alikwisha vuka miaka thelathini na hakuwa na mke. Wasichana walimpenda, baba zao hawakumtaka. Nani amwoze binti yake mtu anayeiga bata? Mara mbili alikataliwa, na mara zote mbili alirudi akitufanyia mzaha wa jinsi alivyokataliwa. Bibi hakucheka. Alikuwa mzee, na alitaka kumwona mwanawe ana nyumba kabla hajafumba macho.

Kisha mjomba akampata mwanamke mnadani, muuza maharage kutoka Murungu. Wazazi wake walikuwa wamevuka kutoka Burundi miaka michache nyuma, wakapewa shamba na wenyeji, wakalima mihogo kama watu wote. Nilimwona mara moja tu kabla ya posa. Alikuwa mrefu, mkimya, na mjomba alipofungua mdomo, yeye alijifunika wake kwa kiganja, mabega yakawa yanatikisika. Mjomba alimtazama vile ambavyo sikuwahi kumwona akitazama kitu. Hata mzaha wenyewe aliusahau katikati.

Posa ilipangwa Desemba, nilipokuwa likizo kwa bibi. Mshenga, mzee wa ukoo wetu, alitangulia kwa miguu na wenzake wawili, wamebeba pombe ya ndizi na jembe jipya. Mjomba alifuata kwa baiskeli na debe la asali. Bibi akaamuru nami niende, nikae mbele kwenye bomba la baiskeli, kwa hoja kwamba mtu aliyepakia mtoto hawezi kufanya upuuzi. Masikini bibi. Hakujua kwamba mimi ndiye niliyekuwa nauchochea.

Mvua ilikuwa imenyesha usiku, barabara nyekundu inateleza. Karibu kabisa na Murungu tukamkuta mama mmoja mtu mzima, ana kikapu kichwani na jembe begani. Alipotuona alisogea kando, akatua kikapu, akalaza jembe chini, akanyoosha mikono. Alikuwa anataka salamu kamili.

“Mjomba,” nikasema, “tutachelewa.”

“Hatuchelewi hata kidogo,” akajibu, na nikasikia kwenye sauti yake kwamba kuna jambo linakuja.

Hakushuka. Alimzunguka yule mama kwa baiskeli, duara moja taratibu, akisema kwa pumzi moja, mara kwa sauti ya kizee, mara kwa sauti yake: “Mwakeye mama, mwakeye baba, watoto hawajambo, ng'ombe hawajambo, kuku hawajambo, jogoo ana mafua kidogo, tunatoka huko, tunakwenda kule, hatujamwona mtu, asante, karibu!” Akapiga kengele, tukateremka mlima kwa kasi. Nilicheka nusura nianguke. “Rudia, Mjomba! Rudia!” Nilipogeuka nyuma, yule mama alikuwa bado amesimama pale pale, mikono yake imenyooka mbele.

Nyumbani kwa wakwe mambo yalianza vizuri. Mshenga alisema maneno yake yaliyopangika, baba wa binti alionja asali akatikisa kichwa kwa kuridhika, jembe likapokewa. Mjomba aliketi kimya kama inavyompasa mposaji, kwa maana mposaji husemewa. Nilianza kuhesabu vidole vya miguu yangu. Ndipo yule mama wa barabarani akaingia uani, akatua kikapu. Alikuwa mama wa binti.

Alimtazama mjomba, akamgeukia mumewe. “Huyu nimeshakutana naye. Alijisalimia mwenyewe, akajijibu mwenyewe. Basi na ajioe mwenyewe.”

Mumewe aliusogeza ule mtungi wa pombe upande wetu, polepole, kuturudishia, na mshenga akachukua fimbo yake. Tulipofika nje alimwambia mjomba neno moja tu, “Mzaha mzaha hutumbuka usaha,” kisha akashika njia na wenzake bila kutungoja.

Yule binti alitufuata mpaka kwenye mpaka wa shamba. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi. Alituambia kwamba usiku ule walipovuka mto kukimbia Burundi, walipotezana na kaka yake. Alikuwa na miaka kumi na mitano. Tangu siku ile mama yake humsalimia kila mtu njiani, hata awe na mzigo mzito namna gani, ili afike kwenye lile swali la mwisho: umepita wapi, umemwona nani?

“Na mwenye baiskeli ndiye mama anayemsubiri kuliko wote,” akasema. “Mwenye baiskeli amefika mbali.”

Mjomba hakupanda baiskeli, aliisukuma mpaka Kibondo, nami nikitembea nyuma yake na matope mpaka magotini. Nilikuwa na aibu ambayo sikuwa na mahali pa kuiweka. Nilimwambia kosa ni langu, kwa sababu mimi ndiye niliyecheka. “Wewe ni mtoto, kazi yako ni kucheka,” akasema. “Mimi ndiye niliyekuwa na masikio.”

Kesho yake alirudi Murungu peke yake. Alimkuta yule mama shambani, akasimama kwenye tuta mpaka alipotazamwa, akanyoosha mikono. Alituhadithia baadaye kwamba walisalimiana mpaka kivuli kikahama. Swali la mwisho lilipofika, alimjibu kwamba hajamwona, ila anaomba aambiwe kijana mwenyewe yukoje, kwa kuwa yeye hupita njia nyingi. Mama akamwambia: anatumia mkono wa kushoto, ana kovu la moto kwenye mkono wa kulia, na mlima waliokuwa wakiishi kule Burundi unaitwa hivi, na ukoo wao ni huu. Habari ya posa hakuna aliyeitaja.

Basi mwaka uliofuata mjomba akawa kero. Safari ya siku mbili ikawa ya siku nne, kwa sababu alishuka kwenye baiskeli kwa kila mtu. Alipofika Kasulu aliketi kwenye baraza ya duka la mzee mmoja mwenye asili ya pwani, mtu wa kofia na kanzu safi, akamsalimia kila aliyekuja kununua chumvi. Usidhani aliacha mzaha wake. Aliutumia. Watu walisimama kumsikiliza anavyoiga bata, wakacheka, wakakaa, na wakishakaa ndipo akawauliza walikotoka.

“Wewe bwana,” mwenye duka alimwambia siku moja mbele yangu, “umekuja kuuza asali au kuhesabu umma wa Mungu?”

“Vyote viwili, mzee wangu. Asali haiozi.”

Na kila aliporudi Kibondo alipitia kwanza Murungu, akatoa taarifa. Sijamwona, mama. Nimeuliza Kakonko, nimeuliza mpaka njia ya Kigoma. Mama alimshukuru, akampa maji ya kunywa, basi. Mama yangu alichoka. Alimwambia atafute mwanamke mwingine, kwamba mtu hawezi kuzeeka akipeleka habari za hakuna. Mjomba akamwambia, “Dada, nimeshaanza kuuliza. Nikiacha sasa nitakuwa nimemzunguka tena kwa baiskeli.” Mama akaenda kumpakulia ugali.

Ilikuwa Juni, shule zimefungwa, vumbi limejaa hadi kwenye sufuria. Pale barazani alikuja mtu mmoja kutoka makazi ya wakimbizi ya upande wa Tabora, amemfuata ndugu yake Kasulu. Mjomba akamsalimia kwa urefu wake wote. Nilikuwa nimeketi kwenye kizingiti na niliona uso wa mjomba ukibadilika. Ndiyo, kulikuwa na kijana huko, fundi wa kuchonga mipini ya majembe, anachonga kwa mkono wa kushoto. Kovu? Lipo, hapa. Mlima gani? Akautaja. Ukoo gani? Akautaja. Mjomba alimuuliza mara ya pili kutoka mwanzo, kisha akainuka akaenda nyuma ya duka. Mwenye duka akanizuia nisimfuate. “Mwache mjomba wako alie kidogo,” akasema.

Asali hakuiuza. Aliyaacha madebe kwa mama, akaniambia nipande, kwa sababu siku ya kosa nilikuwepo. Siku mbili nzima tulikula vumbi, naye aliendesha bila wimbo wala utani.

Tulimkuta yule mama uani, anapepeta mtama. Aliweka ungo chini, akaja, akamshika mikono. Mimi nilitaka mjomba aseme pale pale. Nilimfinya pajani. Hakusema. Mama aliuliza umeamkaje, akajibu. Watoto je? Mama yako je, mgongo wake? Nyuki je? Kasulu mvua iliishaje? Alijibu kimoja kimoja, taratibu, akauliza naye ya kwake yote, na jasho linamtoka kwenye kipaji cha uso. Hakulirukia swali. Alimwacha alifikie mwenyewe.

“Umepita wapi,” akauliza mwishowe, “umemwona nani?”

“Sijamwona kwa macho yangu, mama,” mjomba akasema. “Nimemwona aliyemwona. Yu hai. Anachonga mipini, kwa mkono wa kushoto.”

Mama aliketi chini kwenye mtama wake. Alimtaka arudie, akarudia. Alimtaka arudie tena. Mumewe alitoka ndani, na binti akatoka jikoni, mikono ina unga, nao wakarudiwa habari ile. Mjomba akaahidi kwamba wiki hiyo hiyo atakwenda na baba mtu mpaka huko, wamlete.

Ndipo mama akainuka. Alimtazama mjomba usoni kwa muda mrefu, kama mtu anayesoma barua. Kisha akavuta kanga yake akajifunika kichwa na uso mzima, akampa mgongo, akaingia ndani na kusimama nyuma ya mlango.

Nilikuwa mtoto wa Kasulu, mila nyingi za shamba nilikuwa bado sijazijua. Nilidhani amemkataa tena, baada ya yote yale, na nikaanza kulia kwa sauti. Mjomba akanikanyaga mguu.

“Nyamaza wewe,” akaninong'oneza, machozi yakimtiririka huku anacheka. “Mama hamtazami usoni mwanamume atakayemwoa binti yake. Huyo ni mkwe wangu.”