Kikohozi cha Nasim

Watu huacha duniani watoto, nyumba au sifa. Nasim wa Stanmore, Uingereza, ataacha kikohozi, na hata hicho alinyang'anywa.

Alikikohoa Mombasa akiwa msichana, siku yeye, Tejal na Seema waliporekodi "Bisha Polepole", wimbo wa binti anayemsihi mpenziwe abishe hodi taratibu, baba asiamke. Maikrofoni ilikuwa moja na tepu haikuruhusiwa kurudiwa. Kabla ya kiitikio cha mwisho, pilipili ya muhogo aliolishwa na Tejal mlangoni mwa studio ikampanda kooni: kho! Kikabaki humo humo kwenye santuri.

Tangu hapo kila aliyeuimba upya amekiiga, akidhani ndiyo sanaa yenyewe. Bendi ya harusi ya Southall hukohoa kwa mdundo wa ngoma ya dhol. Vijana wawili wa Kiingereza waliboronga maneno yote, ila kikohozi walikipatia barabara. Lakini jalada la santuri lina picha ya wasichana wawili tu, na Tejal kila akiulizwa husema, "Tulikuwa wawili." Ndiyo maana Nasim alimnunia miaka na mikaka. Alitaka kitu kimoja kabla hajafa: Tejal aseme kweli.

Nasim alipovunjika nyonga aliletewa mhudumu, Anne, Mkongomani wa Edmonton na mwanakwaya hodari. Asubuhi moja Anne akiosha vyombo akaanza kuimba: Yesu anabisha polepole, shetani asiamke... kho!

Nusura Nasim amwage chai. "Hicho kikohozi changu!"

"Hapana, Mama. Hii wimbo ni ya kanisa yetu, ilitokaka Bukavu. Pale ndipo Roho anashukaka. Kwaya yote tunakohoa."

"Roho gani? Ilikuwa pilipili!"

Anne akatafuta jalada kwenye simu, akamwonyesha wale wasichana wawili. "Mama, uko wapi hapa?" akauliza kwa upole, na upole huo ndio uliomchoma Nasim. Baba wa kwenye wimbo kugeuzwa shetani aliona si mbali na ukweli, akimkumbuka babake mwenyewe. Lakini kuonekana mwongo mbele ya mtu anayekuvisha soksi, hapana.

Siku ya mapumziko ya Anne wakapanda basi hadi Southall, kwenye duka la sari la Tejal. Tejal alikuwa nyuma ya kaunta, amenenepa vizuri. Nasim hakusalimu, na kwa mtu wa Mombasa hilo ni sawa na kofi.

"Mwambie mtoto huyu nani alikohoa."

Tejal akaangalia mlangoni kwanza. Akauliza kwa sauti ya chini, "Na babako je?"

"Baba alikufa zamani! Si ulikuja matangani wewe mwenyewe?"

"Nilikuja. Nikakaa karibu nawe siku nzima, hukuniambia kitu." Tejal akaweka mkasi chini. "Shoga, wewe ndiye uliyetuapisha. Ulitushika mikono mimi na Seema, unalia, ukasema jina lako lisitajwe, babako asijue, mpaka utufungue kwa kinywa chako. Picha yako ukaitoa wewe. Hukutufungua. Seema amekufa na kiapo chake. Na mimi kila harusi naitwa yule mwenye kifua kibovu, nanyamaza!"

Hasira zote zile za Nasim zikakosa pa kukaa.

"Nilidhani kiapo kilikufa na Baba."

"Hakikuwa chake. Kilikuwa chako."

Nasim akamshika mikono kama siku ile, akalia bila kuficha. Aliona haya, na aliwaonea uchungu wote wawili, aliye hai na aliyekufa. "Nimekufungua, Tejal. Na Seema pia."

Tejal akavuta sari yake begani, akatoka hadi kwenye lami, katikati ya watu wanaochagua bamia, akapaza sauti kwa Kiswahili: "Tulikuwa watatu! Aliyekohoa ni Nasim! Ni Nasim!"

Hakuna aliyegeuka. Mwenye bamia aliendelea kupima bamia.

Anne alikuwa ameziba mdomo kwa kiganja. "Mama, sasa kwaya nitaiambia nini?"

"Waambie wakohoe tu," Nasim akasema, akipangusa kamasi kwa ncha ya mtandio. "Ila kwanza wataje jina."