Aikande na Keni ya Mwenyekiti

Aikande wa Machame alizaliwa na shingo ngumu. Akikunja uso, hata ng'ombe wake anarudi nyuma hatua mbili. Anayebisha na aje aulize. Kwa hiyo siku bodi ya chama cha wafugaji ilipotaka kumfutia kazi ya ukocha wa wafanyakazi pale kituo cha maziwa, hakuomba radhi wala hakukaa kitini.

Mwenyekiti, Mzee Onesphory, alianza kwa kuuliza hiyo timu ya kocha iko ligi gani. Watu wakacheka. Wafanyakazi, akasema, walishapelekwa semina, wakala pilau, wakapewa fulana na vyeti. Kocha wa nini tena?

"Vyeti walipewa, mzee wangu," Aikande akajibu. "Moyo hawakupewa."

Akaeleza. Goodness, binti anayepokea maziwa, kipimo cha spiriti alikijua kama Baba Yetu: maziwa yakitiwa spiriti yakafanya vidonge, yamechacha, yarudi nyumbani. Lakini mzee yeyote wa kijiji akitokea na keni yake ya maziwa, shikamoo ilitangulia, kipimo kikabaki mezani. Nani ampime babu? Mwezi wa tatu tangi zima likaganda, na maziwa ya kijiji kizima yakanyweshwa migomba.

Basi kila Alhamisi Aikande alikaa na Goodness juu ya keni tupu. Hakumhubiria. Alimwuliza anaogopa nini, akanyamaza mpaka ajibiwe. Halafu akajifanya mzee, akajikongoja na fimbo, akakohoa, akatishia kulaani, mpaka binti akaweza kuamkia huku mkono unachukua kipimo.

"Maneno hayo," Mwenyekiti akasema. "Faida iko wapi?"

Msomi angeleta ripoti ya kurasa arobaini. Aikande alimtazama tu Goodness, aliyekuwa mlangoni. Binti akaingia, akamkabili Mwenyekiti, sauti imenyooka.

"Shikamoo, babu. Jumatatu niliirudisha keni yako. Ulichanganya maziwa ya jioni na ya asubuhi, yakafanya vidonge."

Kumbe! Hasira ya kumfuta kocha ilianzia hapo.

"Na ninyi wengine wote," Aikande akasema, "Jumatatu maziwa yenu yaliuzwa mpaka tone la mwisho. Faida ndiyo hiyo. Haya, nifukuzeni."

Mikono ikainuka: ukocha ubaki, na vituo vingine viwili vipelekewe. Mwenyekiti hakuinua wake. Alikuwa anafuta miwani.

Kesho yake alfajiri alifika na keni, akataka kupita mbele kama kawaida yake. Aikande akamwamkia kwa adabu zote, kisha akamwonyesha mwisho wa foleni.