Siku Nilipokuwa Mugeni Rumonge

Ulikuwa ni ule mwaka tuliokula lengalenga mpaka meno yakawa ya kijani. Ziwa lilikuwa limefungwa ili samaki wapate kuzaa, mitumbwi imelala kifudifudi mchangani, na sisi watu wa Rumonge, tuliozoea harufu ya ndagala kuliko harufu ya sabuni, tukala lengalenga na mawese ya Kizuka, kesho maharage na mawese, keshokutwa sombe na mawese. Paka wa mtaani kwetu walikonda, wakawa wanatuangalia vibaya kama sisi ndio tuliofunga ziwa.

Halafu ziwa likafunguliwa. Mukeke wa kwanza, wale samaki wetu wa ziwani, wakatoka wanene, ukimweka mmoja juu ya makaa mafuta yanadondoka na moto unaruka. Hapo ndipo mutoto wangu wa kike alipopiga simu kutoka Bujumbura.

"Mama, tunakuja vakansi! Mimi, bwana wangu, mutoto wetu, na mama mukwe. Tutakula mukeke mpaka basi!"

Huyo mama mukwe wake ndiye bamwana wangu. Kwetu wazazi ambao watoto wao wameoana wanaitana hivyo. Ni mwanamke wa milimani, upande wa Gitega, ziwa alikuwa analisikia tu. Na bamwana akija kwako, mwenye nyumba anapika mwenyewe. Hutumi mutoto, hutumi jirani. Unapika wewe, unapakua wewe, unasimama hapo mpaka ashibe. Usipofanya hivyo, mutoto wako atasemwa kwao mpaka azeeke.

Sasa nitasema bila kuficha: mimi mukeke najua kupika. Kuna watu wametoka Kabonga, kule mpakani, kwa ajili ya sahani yangu. Na hiyo ndiyo ilikuwa taabu yangu. Wageni wote wanaofika kwangu wanakunywa chai, wanakwenda kuoga maji ya moto ya Mugara, wanakwenda kuona nyani wa musitu wa Kigwena, wanashuka ufukweni kuogelea, jioni wanarudi na njaa. Wakishakula wananionyesha foto. Maji ya moto niliyaona ndani ya simu. Musitu niliuona ndani ya simu. Nimezaliwa hapa, nimezalia hapa, na katika foto zao zote mimi niko mukono tu, mukono umeshika sahani. Watu husema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mimi jembe nilipewa siku niliyozaliwa.

Na mwaka ule jicho langu la kushoto lilianza kuingia maziwa. Daktari akasema na la kulia litafuata. Nikajiambia: wewe mwanamke, utafunga macho umeona moshi tu.

Basi walifika asubuhi. Nikawapa chai na mandazi ya kununua. Mutoto wangu aliangalia yale mandazi, akaniangalia mimi. Walipomaliza akasimama. "Haya Mama, sisi tunatembea kidogo. Mukeke tutaukuta saa nane?"

Mimi nilikuwa nimevaa kitenge kipya na viatu vya Idi. Nikasema:

"Leo sipiki. Leo na mimi ni mugeni."

Kikombe cha mukwe wangu, bwana wa mutoto wangu, kikagonga sahani yake. Mutoto wangu akanivuta pembeni. "Mama! Mbele ya mama mukwe? Unanivua nguo!"

"Kama nimekuvua nguo, kitenge kingine kile pale, jifunge. Tuingie gari."

Bamwana aliniangalia kutoka kilemba mpaka viatu. Tulikaa naye nyuma, mutoto wa mutoto wangu katikati yetu, na kimya chake kilikuwa kizito kuliko gunia la mihogo.

Kule Mugara, mwanamke anayepokea watu aliponiona akacheka. "Amahoro, mama! Wewe si wa hapa Rumonge? Kaa hapo kivulini, ushike nguo za wageni."

"Shika wewe," nikamwambia. "Mimi nimekuja kuoga."

Nikaingia na kitenge changu. Nyinyi mlioyaona ndani ya simu, simu haisemi kitu. Yale maji yanakushika kama mutoto mwenye homa aliyekulalia kifuani. Goti langu la kulia, lile linaloniamsha kabla ya muezini kuadhini, likanyamaza. Nikakaa humo mpaka vidole vikakunjamana kama maharage yaliyolowekwa.

Bamwana alisimama ukingoni. Akatia muguu mmoja. Akautoa. Akautia tena. Mwishowe akauliza, na hilo ndilo neno lake la kwanza tangu asubuhi: "Bamwana, hii maji nani anaiwashia moto?"

"Mungu. Na yeye hapungukiwi makaa."

Akacheka mpaka akateleza, akaingia mzima na nguo zake. Mutoto wangu akapiga kelele. Sisi wawili tukacheka kelele zake.

Tukateremka kusini mpaka Kigwena. Hapo yule anayeongoza wageni akagawa kazi: "Hawa wanifuate. Wewe mama ubaki garini na ndizi, nyani ni wezi."

"Nyani wachukue," nikasema. "Ndizi si zangu, mimi mugeni."

Ndani ya musitu nilifunika jicho la maziwa kwa kiganja, lile zima nikalifungua kabisa. Miti inapanda juu, huoni inapoishia, na jua linaanguka vipande vipande chini kama mutu anapepeta. Nyani mmoja mwenye mutoto aliyeng'ang'ania tumboni alikaa juu ya tawi akatuchunguza, vile jirani anavyochungulia aone umeanika nini. Nikamwambia murakoze, asante, na wewe hongera ya mutoto. Mukwe wangu akasema, "Mama anaongea na nyani!" Nikamjibu, "Naongea na mama mwenzangu. Wewe piga foto."

Jioni ufukweni mitumbwi ilikuwa inajiandaa kuingia ziwani. Wavuvi wananijua wote, kila siku nawagombeza kwa sababu ya bei.

"Eh, mama wa mukeke! Leo mbabura yako ya makaa umeiacha wapi?"

"Mbabura imelala, na mimi niko vakansi!"

Walicheka mpaka mmoja akakaa chini. Lakini huyo huyo alikwenda akaleta samaki wanene wamefungwa pamoja, akaniwekea mikononi. "Mugeni haondoki ufukweni mikono mitupu." Kununua nimenunua sana pale. Kupewa kama mugeni, ilikuwa mara yangu ya kwanza.

Nikampa mukwe wangu samaki, nikaingia ndani ya ziwa mpaka kifuani. Mutoto wa mutoto wangu akainua simu, akapiga kelele, "Bibi, cheka!" Foto hiyo iko ukutani kwangu. Niko katikati, mzima, na mikono yangu yote miwili iko juu, mitupu.

Tulipofika nyumbani, samaki waliwekwa kwenye beseni, na macho yote yakanigeukia. Majirani walikuwa wamejaa mlangoni kwao kwa kisingizio cha kufagia. Mutoto wangu akaninong'oneza. "Mama, sasa umeona vyote. Nakuomba. Mama mukwe hajala tangu mandazi. Kesho watasema nini juu yangu?"

Sitadanganya. Mukono wangu wenyewe uliinuka kutafuta kisu.

Ndipo bamwana akavua viatu, akaketi kwenye mukeka, akapiga piga mahali pembeni yake ili nikae.

"Kwetu Gitega," akasema, "watu wanatoka nchi za mbali kuja kuona ngoma. Wanalala kwangu. Mimi hizo ngoma nazisikia kupitia moshi, niko na chungu. Sijawahi kuona mutu anazipiga na kuruka." Akamgeukia mutoto wake wa kiume. "Hapa wageni tuko wawili. Wapike wenyeji."

"Wenyeji ni nani, mama?"

"Waliotuleta."

Mukwe wangu alikunja mikono ya shati, akapiga magoti mbele ya mbabura akapuliza mpaka majivu yakamrudia usoni. Mutoto wangu aliparua magamba yakaruka mpaka kwenye nywele. Mutoto wao akakimbia kututangazia, "Baba analia!"

"Ni moshi," bamwana akasema. "Mwache aujue."

Nilikuwa naona kila kitu. Samaki hawakuchanjwa ubavuni. Makaa yalikuwa bado yana ndimi. Harufu ya kuungua ikaanza kuja, mdomo wangu ukawasha, na jirani mmoja akaacha kufagia kabisa.

"Mama!" mutoto wangu akaita. "Tugeuze sasa au bado? Njoo uangalie kidogo tu!"

Bamwana akanitazama kwa pembe ya jicho. Nikanyoosha miguu juu ya mukeka, nikavuta kitenge vizuri, nikajibu kwa sauti ya kufika barabarani:

"Leo sipiki. Leo na mimi ni mugeni."