Mkwe Hamwangushi Mkwe

Baba yangu alikuwa mpiga mieleka wa sikukuu. Siku nyingine zote za mwaka alinunua sangara mwaloni Musoma na kuwapakia kwenye lori, amevaa gambuti na kofia iliyolegea. Lakini ikikaribia Pasaka au Sabasaba, sura yake ilibandikwa ukutani Bunda nzima, na mchoraji wa mabango alimpa misuli ambayo hata ujanani hakuwa nayo.

Nieleze kidogo, maana wajukuu wangu huchanganya. Mieleka hii haikuwa ile ya wachunga ng'ombe, ambako aliyeanguka ameanguka kweli. Hii ilikuwa ya maonyesho, yenye ulingo, mavazi na kiingilio, na mshindi alijulikana kabla ya watu kukaa. Msidhani basi kwamba ilikuwa kazi rahisi. Kuanguka kulipangwa, lakini mbao za ulingo hazikuwa na habari ya mpango huo.

Baba na wenzake walianza mapema, wakavuma. Kisha ikaja miaka ya shida: sabuni kwa foleni, malori hayana mafuta, maonyesho yakafa. Mwenzake mmoja akaenda kufunga kamba kwenye kivuko cha Kisorya, mwingine akarudi kwenye pamba, baba akaingia kwenye samaki. Biashara ilipofunguliwa na mitumba ikamwagika sokoni, tajiri mmoja wa Bunda akaufufua ulingo. Akakusanya vijana wenye nguvu na wepesi. Kasoro yao ilikuwa moja tu: hakuna aliyewajua. Watu walifika mlangoni wakauliza, "Yule mzee wa zamani yupo?" Wakiambiwa hayupo, waligeuza baiskeli.

Kwa hiyo wazee wakaitwa, na pambano la mwisho likawa lao. Vijana walinung'unika, na ninawaelewa. Wao walibamizwa kila Jumamosi. Mzee alikuja mara mbili kwa mwaka, akasalimiwa kwa vigelegele, akalala na maji ya moto magotini, akarudi kwenye samaki wake. Ila palikuwa na njia ya kutoka: mkongwe akikubali kumwangukia kijana mbele ya watu, jina linahamia kwa kijana. Baada ya hapo hata yeye anaulizwa mlangoni.

Mimi nilishona mavazi yao, kutoka mapazia ya mitumba. Ndivyo nilivyompata mchumba wangu. Alikuwa fundi baiskeli, na Jumamosi alibamizwa. Nyumbani nilitaja baiskeli tu. Mengine niliona yatajisemea yenyewe, na kweli yalijisemea.

Jumapili ya posa, baada ya ibada, alikuja kwetu na wajomba zake wawili. Shangazi yangu, dada mkubwa wa baba, alikuwa ametoka Butiama kwa ajili hiyo. Kwetu posa haipiti mpaka shangazi aseme. Baba akaingia sebuleni, akamwona mgeni, akasimama.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Lakini, kijana, si wewe ndiye unanibwaga Sabasaba?"

Shangazi akaweka kikombe chini. "Anambwaga nani?"

"Mimi, dada. Mchezo tu. Tajiri ameshapanga, goti langu limechoka, namwachia jina."

"Mkwe anambwaga mkwe, halafu mchezo?" Akawageukia wajomba. "Kwetu mkwe akikutana na baba mkwe njiani anapishaga. Anaingia kwenye nyasi, anainamisha macho mpaka mzee apite. Huyu wenu anataka kumkalia kifuani, Bunda yote inaangalia!"

"Mama, mabango yameshabandikwa," mjomba mmoja akasema kwa upole.

"Akimgusa mdogo wangu kwa kidole tu, ng'ombe zenu mbaki nazo."

Nilikuwa nimesimama na sinia ya chai, na moyo ukaanguka kabla ya baba. Mchumba wangu alikuwa amelisubiri pambano lile misimu mitatu. Akiliacha, angebaki wa kubamizwa. Akilipigana, mimi ningebaki nyumbani.

"Nikianguka mwenyewe je?" baba akauliza.

"Mzee, watu watataka kurudishiwa kiingilio chao," mchumba wangu akajibu, macho sakafuni.

Tuliwasindikiza wageni hadi barabarani. Wajomba na baba walitangulia, sisi wawili tukabaki nyuma. Baba alipokuwa anarudi peke yake tukakutana naye penye njia nyembamba, na mchumba wangu akaruka mara moja kwenye nyasi, kichwa chini. Baba akapita. Akasimama. Akageuka, akaja tena, safari hii akikimbia kidogo na lile goti lake. Kijana akaruka upande wa pili. Baba alikosa cha kushika, nusura aingie kwenye mihogo ya jirani.

Akaanza kucheka mpaka akashika kiuno. "Hivyo hivyo," akamwambia. "Siku ile unanipisha hivyo hivyo."

Sabasaba uwanja ulijaa. Ulingo ulizungushwa kamba za nyavu, na upande mmoja nje yake walirundika magunia ya pamba. Shangazi alikaa benchi la mbele na mwavuli wake, amekuja kuhakikisha kila kidole.

Kengele ikalia. Baba akaja kama fahali. Kijana akapisha, akainama. Baba akakumbatia nguzo. Watu wakatazamana. Akaja tena, akapishwa tena, tena kwa adabu, kama anayempisha askofu.

"Mzee, mshike basi!" mama mmoja muuza samaki wa furu akapiga kelele.

"Atamshika wapi? Huyo anamsalimia!"

Kicheko kikaanzia kwa wauza karanga kikafika getini. Mara ya tano baba alikuja na mwili wote, kijana akainama chini kabisa, na baba akapita juu ya kamba, akatua katikati ya pamba kwa kishindo kizuri kuliko vyote nilivyowahi kumsikia akitoa. Kijana alikuwa hajamgusa hata kwa ukucha. Kilichobaki ni baba kulala pale, refa ahesabu kumi.

Refa akahesabu. Lakini watu wakaanza kumwita baba kwa lile jina lake la ulingoni, kama zamani, wanapiga makofi kwa mpigo mmoja. Nikaona mkono wake unatoka kwenye pamba na kushika kamba. Mwenye kuitwa namna ile, jamani, ni vigumu kulala. Refa alikuwa amefika saba. Akaanza kuhesabu polepole, anamkodolea macho. Baba akapitisha mguu mmoja ndani. Mchumba wangu akanitazama. Angemrudishaje bila kumgusa?

Ndipo ikaja sauti ambayo kule Butiama ilikuwa ikirudisha ng'ombe kutoka ng'ambo ya bonde.

"Wewe! Lala chini! Unataka binti yako azeekee nyumbani?"

Baba alianguka chali kama aliyepigwa rungu. Kumi ikahesabiwa. Watu walipiga makofi wamesimama. Walidhani shangazi naye amelipwa na tajiri, na wengine walimfuata kumpongeza.

Kijana alibebwa juu, wakimwita jina jipya walilolizua palepale: Mkwe. Alipoteremshwa alimkuta shangazi anatoka, kwenye kijia kati ya mabenchi. Akapisha. Upande aliopisha palikuwa na dimbwi, akasimama ndani yake, macho chini, maji yakiingia viatuni.

Shangazi akapita taratibu sana, akavitazama vile viatu.

"Waambie wajomba zako walete ng'ombe," akasema, na akafungua mwavuli, ingawa hakukuwa na jua wala mvua.