Rangi Chini ya Dashibodi

Nilimwahidi baba kwamba kutu haitaligusa gari lake. Nilikuwa na miaka tisa. Yeye alisimama mlangoni na begi lake, akielekea Tabora alikohamishiwa kikazi, na ahadi ile niliitoa kwa sauti kubwa, kama mtu anayekula kiapo mbele ya bendera. Hata leo, nikipita mahali wanapopaka geti rangi ya mafuta, harufu ile inayowasha pua hunirudisha Segerea, kwenye uwanja wetu wa changarawe, mbele ya gari la rangi ya maziwa tulilolipa jina la Shangazi.

Shangazi alimzidi mama yangu umri. Milango yake ilijifunga kwa mshindo mzito, viti vyake vilinuka ngozi iliyokaa juani, na kwenye dashibodi alikuwa na geji mbili za duara, moja ya mafuta, nyingine ya joto la maji, zenye mishale myembamba kama miguu ya mbu. Kila Jumapili baba alipopiga simu, swali lake la kwanza lilikuwa, "Shangazi hajambo?" Sisi tulifuata baadaye. Mama, aliyekuwa mwalimu wa shule ya msingi, alijibu siku zote kwa sauti ileile nyepesi: "Hajambo, na sie wazima kabisa, usijali." Halafu alikata simu, akaingia chumbani na kufunga mlango.

Kazi yangu niliifanya kwa bidii ambayo sasa inanichekesha. Kila Jumamosi nililizunguka gari nikiwa na kipande cha msasa na kopo la rangi aliyoiacha baba. Nilipomaliza nje, niliingia ndani. Chini ya dashibodi nikagundua kisanduku cha bati, kidogo kama kibiriti, kimeshikiliwa na skrubu moja, na nyuma yake doa la kutu. Nikakifungua, nikasugua, nikapaka rangi mara mbili, nikasubiri ikauke, nikakirudisha. Nilijisikia kama niliyeokoa uhai wa mtu.

Wiki ileile geji zikapagawa. Mshale wa joto ulikimbilia kwenye nyekundu wakati injini ingali baridi, na ule wa mafuta ulipanda hadi mwisho ukakaa hukohuko. Siku ya Jumatano Shangazi alimzimikia mama kwenye mlima wa Goba, karibu na shule yake, tanki likiwa kavu na mshale ukiapa kwamba limejaa.

"Wamenisukuma wanafunzi wangu mwenyewe," mama alimwambia Fundi Nassoro, jirani yetu, Jumamosi asubuhi. "Wanasukuma, wanaimba! Fundi, leo ndiyo mwisho. Lisipopona, Jumatatu naliuza, na baba Eze nitamwambia mwenyewe."

"Pole, mwalimu. Gari hili linasema limeshiba na hapohapo lina homa. Tabia za mgeni wa harusini hizo."

"Mie sitaki vichekesho."

"Basi acha nishike kazi."

Nilikaa kiti cha nyuma. Rangi yangu haikunijia akilini hata kidogo. Nilimfikiria baba tu, atakavyorudi likizo na kukuta changarawe tupu.

Fundi Nassoro hakuwa na haraka. Alitumbukiza kijiti kwenye tanki, akagusa rejeta kwa kiganja, akatikisa kichwa. "Eze, mishale miwili haiugui siku moja. Hawa wanakula chungu kimoja." Chungu chenyewe, alinieleza, kilikuwa kile kisanduku: kilipunguza nguvu ya umeme kabla haujafika kwenye geji, lakini hakikuweza kuipunguza bila kugusana na bodi ya gari, chuma kwa chuma. Akatoa balbu yake ndogo yenye nyaya mbili. Waya mmoja aliugusisha penye umeme, wa pili kwenye bawaba ya mlango: balbu ikawaka. Akauhamishia kwenye kisanduku: giza. Akarudia. Kisha akafungua skrubu, na pale nyuma nikaiona rangi ya maziwa, laini, imepakwa kwa unadhifu mkubwa.

Aliitazama rangi. Akatazama kucha zangu, ambazo mafuta ya taa yalikuwa yameshindwa kuzisafisha wiki nzima.

Alikwangua kwa kisu mpaka chuma kikang'aa, akakirudisha kisanduku, akawasha swichi. Mshale wa mafuta ukapanda taratibu, ukatulia kwenye robo. Wa joto ulibaki umelala chini.

"Kulikuwa na nini?" mama aliuliza.

"Kutu, mwalimu. Kidogo tu."

"Kutu? Na huyu anasugua kila wiki!"

Shangazi hakuuzwa. Jumapili mama alimsimulia baba, kisha akanipa simu.

"Eze, nasikia kutu imetupiga chenga."

Ningeweza kusema ukweli. "Ndiyo, baba," nikajibu. "Samahani."

"Usijali, mwanangu. Nyie hamjambo?"

Ilikuwa mara ya kwanza kuniuliza habari zetu, si za Shangazi. Nami, niliyekuwa nikimsikia mama akilia chumbani karibu kila jioni, nilijibu kwa sauti yake ileile nyepesi: "Wazima kabisa."

Kwa miaka mingi nilidhani kosa langu lilikuwa rangi, na baadaye nikadhani ni uongo wa kutu. Ilinichukua muda kutambua kwamba nyumba nzima tulikuwa tunapaka rangi. Nilipokuwa chuoni gari liliuzwa, na hawakuniambia, wasije wakanivurugia masomo. Mwezi uliopita nilimweleza baba kila kitu, kisanduku, kucha, na vilio vya jioni. Kuhusu kisanduku alicheka mpaka akakohoa. Kisha akageuka kuutazama uwanja.

"Na mimi kule Tabora," alisema, "kila Jumapili nilikuwa nasema mzima kabisa."

Sijui Shangazi yuko wapi sasa. Kama ni wewe, msomaji, unayelimiliki gari hilo, silidai. Inama tu uchungulie chini ya dashibodi, nyuma ya kisanduku cha bati; utaona doa la chuma kitupu, dogo kama ukucha. Tafadhali, usilipake rangi.