Gari Lililosifiwa Bila Mashaallah

Kaa hapa karibu nikueleze. Juzi, huko Wesha, nilimkuta jirani yangu akilipaka gari lake rangi ya buluu, na harufu ile ikanirudisha kwenye alasiri ya harusi ya shangazi.

Baba alikuwa amelipaka pikapu letu rangi mpya ili limpeleke bibi harusi Chokocho. Nilipoliona nikasema, "Zuri hili." Sikusema mashaallah ya kulikinga na husuda. Baba alipogeuza ufunguo, gari likalia tik, likanyamaza. Shangazi alikwishapambwa, anangoja, na Chokocho walikwishatandika mikeka.

"Limepigwa jicho," bibi yangu, mama yake baba, akasema, akaleta chetezo akafukiza ubani chini ya boneti. Mkosaji nilimjua. Nikazunguka nikinong'oneza mashaallah kwenye kila tairi, hata la spea.

Ami Hamadi, mdogo wake baba, alikuwa fundi. Alipofika alikohoa kwanza kwa moshi wa ubani. Kisha akaufuata kwa kidole waya mweusi kutoka kwenye betri mpaka ulipofungwa kwenye bodi.

"Kaka, umepaka mpaka hapa?"

"Nilitaka lipendeze lote."

"Umeme hurudi kwenye betri kwa njia hii. Haupiti kwenye rangi."

Akafungua boliti, akakwangua rangi kwa kisu, akaikaza tena, gari likawaka.

"Ubani umeshika," bibi akasema.

Mimi kwa miaka mingi niliamini ni lile tairi la spea.

Jirani nilimwambia, nawe nakwambia: kabla ya kuufunga waya mweusi kwenye bodi, kwangua rangi mpaka chuma king'ae, ndipo ukaze boliti.