Kushuka Daraja Hispania

Juzi pale posta Nkwenda, mama mmoja mfugaji kutoka Mabira alikuwa akisubiri simu ya mwanawe, anayecheza mpira wa kikapu wa kulipwa huko Hispania. Simu ilipolia karani akapokea, akasikiliza kidogo, laini ikakatika.

"Anasema msimu umekwisha, mama. Timu yao imeshuka daraja."

Mama akashika kichwa kwa mikono miwili. "Daraja la mto gani? Wamepona wangapi?"

"Si la mto. Ni daraja la ligi."

Karani akanitazama mimi niliyekuwa nyuma ya mama kwenye foleni, nimsaidie. Nikaeleza taratibu kwamba vijana wale wamefungwa mara nyingi mno.

"Wamefungwa! Kwa kosa gani?" Akaketi sakafuni, khanga usoni.

Simu ikalia tena. Safari hii mama aliipokea mwenyewe, akamuuliza mwanawe kwa Kinyambo kama miguu yake yote miwili ipo. Akasikiliza, akacheka huku machozi yakimtoka.

"Yuko kwake, anakula wali," akatuambia.

Enyi watangazaji wa michezo, mkisema timu imefungwa, jueni kuna mama anayeuliza ni gereza gani.